Baiskeli Iliyoamsha Wodi

Watoto kumi na mmoja walikuwa wamelala katika wodi ya wazazi asubuhi ile ya Jumatano, wote kwa mpigo, jambo linalotokea labda mara moja kwa mwaka. Wauguzi walitembea kwa ncha za vidole. Mmoja alikuwa ameanza hata kunywa chai yake ikiwa bado ya moto. Ndipo Mkunga akateremka kilima kwa baiskeli, akakaribia geti la zahanati, akabana breki.

Baiskeli ikapiga ukelele. Ililia kama mbuzi aliyekanyagwa na trekta, ikapitiliza mstari mweupe wa geti, ikapita ndoo ya kunawia mikono, ikaenda kusimama kwenye ukuta wa jiko. Pakawa kimya kwa pumzi moja. Kisha huko wodini mmoja akaanza, wa pili akampokea, na kabla Mkunga hajashusha mguu wote kumi na mmoja walikuwa wanaimba.

Matroni akatoka na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Umetuletea nini hicho?"

"Baiskeli, Matroni. Nimeitengeneza upya."

"Ilikuwaje kabla ya kutengenezwa?" Matroni akavaa kiatu cha pili bila kumwondolea macho. "Sikiliza, bibie. Nataka mkunga mmoja wa kuwafuata wazazi majumbani, ng'ambo ya bonde. Afike upesi, na asimame pale anapotaka yeye, siyo pale anapotaka ukuta. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa hapa getini. Ukishuka ukasimama kwenye mstari, na mtoto asifumbue hata jicho, zamu ya nje ni yako. Ukishindwa, utakaa dirishani uandike kadi."

Kuandika kadi! Kwa miaka kumi na minne Mkunga alikuwa akilipanda na kulishuka lile bonde kwa miguu. Alijua nyumba ipi ina ngazi mbovu, na mzazi yupi hasukumi mpaka ashikwe kisigino. Kumweka dirishani na kalamu ilikuwa sawa na kumfunga kuku kwenye meza ya ofisi.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akishindana mbio za matope. Katika mbio hizo wanaendesha porini, wakikuta magogo wanashuka, wanaitia baiskeli begani na kukimbia nayo. Mama mkwe wake alikwenda kutazama mara moja tu, akarudi mbio hazijaisha. "Mtu anayebebwa na baiskeli nimemzoea," alisema. "Mtu anayeibeba nimemwona kwa mwanangu." Shemeji alipooa aliachana na matope, akampa Mkunga baiskeli pamoja na breki zake za sahani. Sahani hiyo ni duara jembamba la chuma linalofungwa katikati ya gurudumu, na ukivuta mkono wa breki, pedi mbili ndogo huibana huku na huku.

Siku ilipoingia nyumbani, mama mkwe aliizunguka mara mbili.

"Kitendawili!"

"Tega, mama," Mkunga akajibu, kwani katika nyumba ile hata chumvi iliombwa kwa kitendawili.

"Nina beberu, pembe zimejikunja, majani hali, na usipomwegemeza anaanguka."

"Si huyu huyu mbele yako!"

"Basi mwinue kichwa, mwanangu. Umri wako si wa kuendesha huku unahesabu vidole vya miguu."

Ikapelekwa kwa fundi baiskeli, ambaye watu walimwita Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Kimya aliuinua usukani na kuuleta karibu. Alivua zile tairi zenye meno ya kula matope akavalisha tairi pana, laini, za kubembea juu ya mashimo. Alifunga madigadi ili sare ya mkunga isirudi na mistari mgongoni, akafunga keria ya kubebea mkoba, kengele, taa, pedeli pana za kukanyaga kwa kiatu chochote, na gia nyepesi ya kupandia kilima. Jumanne jioni ilirudi nyumbani ikiwa bibi harusi. Jumatano asubuhi ikaamsha wodi.

"Haiwezekani," alisema Kimya alasiri ile. "Nimeijaribu mwenyewe, dada. Ilinyamaza kuliko mimi."

"Kila kitu kinanyamaza kuliko wewe, fundi. Itazame."

Akaipindua magurudumu juu. Akazungusha sahani akaitazama kwa jicho moja kama imepinda; haikuwa imepinda. Akalegeza skrubu mbili zinazoshika breki, akamwambia Mkunga avute mkono wa breki na asiuachie, akazikaza tena huku pedi zimekaa katikati sawasawa. Akapangusa sahani kwa spiriti, akasugua pedi kwa msasa. Mkunga akaiendesha mpaka nyumbani, akabana breki mlangoni: kimya kitupu.

Alhamisi asubuhi, ukelele. Kwa bahati alikuwa ameijaribu juu ya kilima, akashuka na kuikokota mpaka kazini kama mtoto mtukutu aliyeshikwa sikio. Kimya akabadilisha waya za breki. Jioni ikanyamaza, Ijumaa asubuhi ikalia. Kimya akatupa pedi za zamani na kufunga mpya. Jioni ikanyamaza. Jumamosi asubuhi ilipolia, Kimya mwenyewe alikaa chini kwenye debe lake la kukalia, akasahau kusema kitu kwa muda mrefu hivi kwamba Mkunga akaingiwa na hofu.

"Fundi, unaumwa?"

"Dada, hii baiskeli inashinda ikiwa nzima na kuamka mgonjwa." Akafungua pedi, akaipeleka puani. "Tena inanukia. Inanukia kama… kama nguo mpya. Hebu nusa."

Mkunga akanusa. "Mimi sisikii harufu yoyote."

"Haya. Nina seti moja tu ya pedi iliyobaki, ya mbele na ya nyuma, na nyingine sijui zitakuja lini. Siifungi mpaka nijue ugonjwa. Wewe si mkunga? Mgonjwa anayebadilika usiku mnamfanyaje?"

"Tunakaa naye."

"Basi nenda ukakae naye."

Nyumba yao ilikuwa nyumba ya washonaji. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, moja ya mumewe na moja ya mama mkwe, meza ndefu ya kukatia, na ukuta mzima wa sare za shule zilizotundikwa. Baiskeli ililala kati ya meza na sare. Kwa kawaida saa kumi na mbili jioni Mkunga huwa uani anapika. Jumamosi ile alimwachia mumewe sufuria, akaketi juu ya mzigo wa vitambaa akaikodolea macho baiskeli.

"Sasa na mimi nikiungua, utakuja kunikodolea?" mumewe akauliza kutoka uani.

"Punguza moto, baba."

Jua likashuka. Mama mkwe akamaliza mshono wake wa mwisho, akakata uzi kwa meno, akatoa kutoka droo tambara lake na kikopo cha mafuta ya cherehani. Tangu alipokuwa msichana anayefunzwa kazi, hakuna chuma kilicholala kikavu alipo yeye. Akapangusa cherehani yake. Akapangusa ya mwanawe. Akapangusa mikasi mikubwa, midogo, bawaba za mlango. Kisha, akiimba puani, akainama penye baiskeli, akalikunja tambara upande wenye mafuta mengi, akaanza kuisugua sahani ya breki, taratibu, huku na huku, kama mtu anayempaka mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mkunga akalikazia macho lile tambara. Ndiyo ile harufu ya nguo mpya: mafuta ya cherehani! Nyumba nzima ilinukia hivyo, mito, mikate, yeye mwenyewe, angeisikiaje harufu? Lakini angemwambiaje? Huyu ndiye aliyemlea miaka yote, aliyemshonea sare ya kwanza ya ukunga bila kumpima, kwa kumtazama tu. Kumwambia kwamba yeye ndiye mharibifu, hayo ni maneno ambayo hata ukimfundisha kasuku atayakataa.

"Kitendawili, mama," akasema.

"Tega!" Mama mkwe hakuacha kusugua.

"Nina mtoto wa chuma. Akikaa mkavu, anatulia. Akipakwa mafuta, analia mtaa mzima unaamka."

"Mlango."

"Mlango unalia ukikosa mafuta, mama."

"Cherehani basi."

"Nayo vilevile."

"Mkasi? Hapana. Mtoto wa chuma… Chuma gani hicho kisichotaka mafuta? Wewe unanidanganya. Nimeshindwa, nakupa mji."

"Mji gani?"

"Wowote! Chukua mkubwa, wenye soko. Nipe jibu."

Mkunga akanyoosha kidole. Mama mkwe akakifuata kile kidole mpaka kwenye tambara, kutoka kwenye tambara mpaka kwenye sahani, akarudi kwenye tambara.

"Hapana," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na wale watoto kumi na mmoja?"

"Wote, mama. Pedi zinatakiwa kuishika sahani. Zikikuta mafuta zinateleza, halafu zinalia."

Bibi yule akakaa chini sakafuni, miguu mbele, tambara mapajani. "Nilikiona kinavyong'aa," akasema taratibu, "nikasema maskini, hiki kimelelewa kwenye matope, hakijawahi kupata mtu wa kukipangusa." Mabega yake yakaanza kutikisika, na Mkunga akadhani analia, akamkimbilia. Alikuwa anacheka. "Kumbe naamsha wodi nzima nikiwa nyumbani kwangu! Hata ujana wangu sikuwa na sauti hiyo!"

Jumapili Kimya alipopelekewa habari akaja na seti yake ya mwisho imefungwa kwenye karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyeua pedi zako."

"Umeziua kwa mapenzi, mama. Nilisema nguo mpya, dada, nilisema au sikusema?"

Mkunga akatoa spiriti ya mkobani mwake, wakaosha sahani mara tatu, kila mara kwa kitambaa kipya, na mama mkwe akakaa mbali, mikono nyuma, kama mshtakiwa. Pedi zikafungwa. Kimya akaeleza kwamba pedi mpya ni kama kiatu kipya: lazima zizoeane na sahani. Uendeshe, ubane mpaka ukaribie kusimama, uachie, uendeshe tena, mara ishirini, thelathini.

Basi mtaa mzima ukapata tamasha. Mumewe akachora mstari barabarani kwa chaki yake ya kukatia nguo. Mama mkwe akasimama kando akipaza sauti, "Njoo! Njoo! Shikaaa! Achia!" Na kila Mkunga alipopita, mumewe alipiga goti na futi yake ya ushonaji.

"Umepitiliza inchi ishirini na mbili!"

"Pima vizuri, baba, hiyo siyo suruali!"

"Inchi tisa!… Inchi nne!… Hapa umepwaya, rudia!"

Mara ya ishirini na sita tairi ya mbele ilisimama juu ya chaki, bila sauti. Majirani wakapiga makofi madirishani. Mama mkwe hakupiga makofi. Alikuwa anafikiria jioni.

Maana mkono wenye mazoea ya miaka hamsini hauachishwi kwa siku moja. Saa kumi na mbili ilipofika alipangusa cherehani mbili, mikasi, bawaba, akapangusa mpaka kufuli ambalo ufunguo wake ulipotea zamani, na bado vidole vilimwasha. Sahani ilikuwa inang'aa pale pembeni, kavu, peke yake. Mwishowe akamkabidhi mwanawe kikopo. "Kifiche. Nikikuomba, usinipe. Nikikukaripia, usinipe." Kisha akaifunika baiskeli kwa shuka, kuanzia usukani hadi gurudumu, asiione.

Jumatatu asubuhi Mkunga aliivua shuka. Akaigusa sahani kwa mgongo wa kidole: kavu. Hakutaka kuijaribu breki mlangoni, maana kama ni mbaya hakuna pedi nyingine duniani, basi heri kujua mbele ya Matroni. Mama mkwe alimsindikiza mpaka kizingitini, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Mama, hukuigusa?"

"Sijaigusa. Niliiota, lakini sijaigusa."

Juu ya kilima Mkunga alisimama kidogo. Bonde lilikuwa lote upande wa pili, njia zake zote, na chini zahanati ndogo kama kiberiti. Akajiachia. Upepo ukamjaa masikioni, madigadi yakatetemeka, tairi pana zikameza mashimo moja baada ya jingine. Kwenye kona akagusa breki kwa vidole viwili. Baiskeli ikapunguza mwendo bila kusema neno. Akaachia, akagusa tena. Geti likawa linakua, linakua, na mbele ya geti Matroni alikuwa amesimama wima, macho ameyafumba kwa nguvu, vidole viwili ameviingiza masikioni.

Mkunga akabana.

Tairi ya mbele ikafika juu ya mstari mweupe, ikatulia hapo. Hakuna kilichosikika ila mnyororo ukipiga tiki, tiki, mara mbili. Mkunga akashusha mguu, akasubiri. Matroni hakufumbua macho. Mkunga akaendelea kusubiri. Hatimaye jicho moja la Matroni likafunguka kidogo, likamwona, likafunguka lote.

"Umefika saa ngapi?"

"Kitambo, Matroni. Niliona unasali."

Matroni akatoa kidole kimoja sikioni, akageuka kuelekea wodini, akasikiliza. Mtu alikuwa anakoroma, lakini huyo alikuwa muuguzi wa zamu. Akatazama tairi, akatazama mstari, akainama kabisa kuhakikisha. Alipoinuka alikuwa na karatasi mkononi, imekunjwa mara nne, na ilionekana wazi ilikuwa imeandikwa tangu jana.

"Nyumba ya kwanza ni ile ya ngazi mbovu," akanong'ona. "Uchungu umemshika tangu alfajiri, na mumewe ameshakuja hapa mara mbili anatokwa jasho kuliko mzazi mwenyewe. Mbona umesimama? Breki nimeziona. Sasa nionyeshe miguu."

Mkunga akafunga mkoba kwenye keria, akakaza mkanda, akaweka gia nyepesi, akaanza kupanda.