Dawa Isiyoshika

Bwana Shamba Rutashobya alikuwa na kalamu nne mfukoni na akili ya nusu kalamu. Nasema hivyo mimi, Immakulata, mwalimu wa bayolojia wa Bukoba, kwa sababu mwaka 1987 nusura amkoseshe dada yangu Celina kibanja chake cha kahawa huko Kimwani.

Mume wa Celina alirudi salama kutoka vita vya Uganda, kisha ukimwi ukamchukua. Shemeji zake Celina wakataka kibanja. Wakasema mjane anaua mibuni: matunda yanaoza kwa kuvu, hapigi dawa. Mwamuzi alikuwa baba mkwe wake, Mzee Ildefons, naye akamwita mtaalamu.

Mtaalamu! "Dawa hii haishindwi," Rutashobya alijigamba. "Inashika protini ya kuvu, vijibomba vya ndani ya seli havijengeki, kuvu haizaliani. Protini ya binadamu ina umbo tofauti, haidhuriki. Ukiona kuvu, ujue mama huyu hakupiga."

Alikariri kama kasuku. Nikamwambia protini ya kuvu nayo hubadilika. Ikibadilika kidogo tu, pale pale dawa inaposhika, dawa inateleza na vijibomba vinajengwa kama kawaida. Miaka mitano amewapigisha watu dawa ileile. Kuvu dhaifu zimekufa, zimebaki sugu. Na Celina alibeba pampu mgongoni mara tatu msimu ule, nilimwona kwa macho yangu.

"Mwalimu, baki na chaki zako," akanijibu, akicheka. Nilimdharau mpaka mate yakanikauka.

Celina hakubishana. Alileta kikapu cha akamwani, zile kahawa tunazochemsha na kukausha ili mgeni atafune, akapiga magoti.

"Karibu, Bwana Shamba. Nimezichuma kwenye mibuni hiyohiyo."

Kwetu, kukataa akamwani ni kumtukana mwenye nyumba. Rutashobya, Mhaya mzima, alichukua punje mbili, akazitazama, akazirudisha.

"Tumbo langu si zuri leo, Mzee."

"Jana kwangu ulitafuna konzi nzima," alisema Mzee Ildefons.

"Hizi... hizi zina dawa, Mzee."

"Kumbe alipiga."

Mzee hakumsubiri ajitetee. Aliwaita wanawe, akawaambia mbele ya Celina kwamba kibanja ni cha mkwewe na wajukuu zake, na mwenye ubishi amlete kwanza Bwana Shamba atafune.