Samaki Aliyekufa Maji

Mwaka 1956 nilikuwa mwalimu mpya wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Kisangani, na nilijiona mtu kweli kweli: koti, tai, diploma. Jumatatu moja niliwaambia wanafunzi kuwa samaki wote hupumua kwa matamvua tu, yale mekundu ya pembeni mwa kichwa, yanayochukua hewa iliyomo majini. Ili waone kwa macho, nilimtia nzombo hai, samaki mrefu wa kinamasi, kwenye chupa kubwa la kioo, nikalijaza maji hadi ukingoni, nikalifunika kwa kioo kingine.

Aliyemleta nzombo huyo ni Anselme, mwanafunzi wangu, mtoto wa mvuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto. Alinyoosha kidole.

"Monsieur, nzombo iko nakuya juu kuvuta mupepo. Ukifunga hivi, itakufa. Papa alinionyesha."

"Papa yako iko na diplôme gani?"

Darasa zima lilicheka. Nikamwamuru apige magoti mbele ya ubao hadi kipindi kiishe.

Sasa niseme ukweli, maana nimeumeza miaka mingi. Nilijua. Baba yangu alikuwa mvuvi kule Isangi, na kila alipomtegea nzombo aliacha kichwa cha mgono, mtego wake wa matete, juu ya maji, samaki apate kupumua asife kabla ya kutolewa. Mimi ndiye niliyemshikia mgono. Lakini kitabu cha shule hakikumtaja nzombo, nami niliona aibu watoto wale wajue mwalimu wao alikulia kwenye harufu ya samaki. Upumbavu gani ule!

Jumanne asubuhi tulimkuta amekufa, pua yake imegusa kifuniko. Samaki, amekufa maji! Wanafunzi thelathini wakanitazama. Ningeweza kumpasua pale pale, niwaonyeshe mapafu yake, niseme Anselme alikuwa sahihi. Dakika tano zingetosha.

"Alikuwa mgonjwa," nikasema. "Andikeni."

Wakaandika. Nilipopita kwenye dawati la Anselme nilitegemea kuona hasira usoni mwake. Haikuwepo. Alikuwa amechovya kalamu yake na ananisubiri.

"Donc papa alikosea, Monsieur?" aliniuliza polepole, wenzake wasisikie.

"Alikosea," nikamjibu.