Leso Juu ya Ovaroli

"Syombua! Hiyo leso utaitoa lini?"

Nyapara Mutie alisimama kwenye mstari wa rangi ya njano, pale sakafu ya kiwanda ilipoanzia kutetemeka. Ilibidi apige kelele, maana mashine za kuchambua pamba zilikuwa zimeshawashwa. Syombua akajifanya hakusikia. Alikaza fundo la leso kiunoni, juu ya ovaroli, akakumbata pamba kwa mikono miwili na kuilisha mashine.

"Nakwambia mara ya mwisho! Kesho ukija na hiyo leso, unarudi kuchagua takataka na wale wamama wengine."

"Sasa nitaitoa aje, Mutie, na mzee amekaa hapo mlangoni?"

"Mashine haijui mkwe!"

Shida yenyewe ilikuwa hapo hapo. Mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja tu, na mlangoni palikuwa na mizani, na penye mizani, hatua chache tu kutoka kwenye mashine, palikuwa na Mzee Ndolo, baba wa mumewe. Wakulima wa pamba wa kutoka Tulia hadi ng'ambo ya mto walimjua kwa ukali wake wa kupima sawasawa. Watu wa nyumbani walimjua kwa jambo jingine: alishika nthoni, ile heshima ya Wakamba ambayo humzuia mzee kumwangalia usoni mke wa mwanawe, sembuse kumshika mkono. Mwaka huo wa sabini na nane, watu wengi, hasa wa kanisa, walikuwa wameilegeza. Ndolo naye alikuwa mtu wa kanisa, tena mwimbaji wa sauti nzito, lakini kwa nthoni hakutaka mchezo.

Kila Syombua alipopita, mzee aligeukia ukuta. Akiwa na neno la kumwambia, aliliambia gunia.

"Wewe gunia, mwambie Mama Kasyoka kwamba mtoto ameamka na homa, lakini nyanya yake amempa uji, amekunywa."

"Gunia, mwambie Asa nimesikia. Asante," Syombua alijibu, akimwita baba kwa Kikamba.

Wapagazi walicheka siku za kwanza, kisha wakazoea. Walijua vilevile kwamba ni Ndolo aliyemwendea meneja kumwombea Syombua kazi wakati mvua ilipokataa na Mwangangi, mumewe, akaenda kutafuta riziki Nairobi. Walijua kwamba mbaazi za kwanza za shamba la mzee zilipelekwa kwa Syombua kabla hazijafika kwenye sufuria ya mzee mwenyewe. Walipendana sana wale wawili, ila walipendana kwa kupeana mgongo.

Syombua alianza kazi kwenye nyumba ya kuchagua pamba, walikokaa wanawake wote. Huko hakuna aliyewahi kupewa kitu cha kujikinga. Vumbi lilipozidi, mwanamke alijifunga leso mdomoni, akakohoa, akaendelea. Kisha mlishaji mmoja wa mashine akaacha kazi katikati ya msimu, na Syombua akaomba nafasi yake. Meneja alicheka, akakubali, kwa kuwa pamba ilikuwa imerundikana hadi kwenye mapaa. Ndivyo alivyokuwa mwanamke wa kwanza kupewa ovaroli.

Ovaroli yenyewe ilishonwa kwa ajili ya mwanamume mrefu. Suruali yake iliteremka hadi ikamfunika viatu, mikono ikampita vidole, na kiunoni wangeweza kuingia Syombua wawili. Gambuti zilikuwa namba tisa. Alijaza pamba mbele ndipo zikamkaa. Alipouliza kama kuna ya wanawake, mtunza stoo alimtazama kana kwamba ameulizia ovaroli ya kuku. Haya yote Syombua aliyavumilia. Aliipenda ile mashine, aliupenda mngurumo wake na namna mbegu zilivyodondoka huku na nyuzi zikatoka kule nyeupe kama povu la maziwa. Lakini kupita mbele ya mkwe akiwa na suruali, mapaja yakionekana umbo, hilo hapana. Kwa hiyo alifunga leso. Na kwa kuogopa isije ikamdondoka mbele ya mzee, aliifunga mafundo mawili, akavuta kwa meno.

Mchana wa siku ile ile, alipoinama kuokota pamba iliyomwagika, upepo wa mkanda wa mashine uliipepea leso. Pindo likaingia kati ya mkanda na gurudumu.

Hakuwa na nafasi ya kupiga yowe. Alivutwa magoti chini, kisha akaburutwa ubavu, vidole vikihangaika na lile fundo ambalo lilikataa kabisa kufunguka. Aliliona gurudumu likija. Kisha mikono miwili ikamkumbatia kiunoni kwa nyuma, ikamvuta kwa nguvu za kung'oa mti. Mutie alikuwa anakimbilia injini huku akimtaja Yesu. Kitambaa kikalia, kikapasuka, na Syombua pamoja na aliyemshika wakaanguka chali kwenye rundo la pamba.

Injini ikanyamaza. Syombua aligeuka kumshukuru mwokozi wake, akakutana na koti la kaki la Mzee Ndolo.

Mzee aliruka kama aliyeungua. Alijifunika uso kwa kofia yake, akatoka nje, akaenda zake nyumbani, mizani akiiacha na foleni ya wakulima. Syombua alikuwa amechubuka magoti tu. Alilia hata hivyo, na wote waliomwona walijua halii kwa sababu ya magoti.

"Siwezi kurudi," alimwambia Mutie. "Amenishika mbele ya watu. Nitapita wapi sasa?"

"Ni mzima wewe," Mutie alisema. "Mimi hilo linanitosha. Nenda upumzike. Nafasi yako nitaishikilia mpaka Jumatatu, lakini hiyo leso sitaki kuiona tena."

Siku mbili Syombua hakutoka nje ya boma lake. Jumamosi alasiri alisikia mbuzi wakilia karibu na ua. Alichungulia. Mzee Ndolo alikuwa amesimama mbali, chini kwenye njia, akiangalia vilima. Mama mkwe wake, Mbula, ndiye aliyekuja mpaka mlangoni akivuta mbuzi wawili, midomo ikimcheza kwa kicheko.

"Ameniambia nisicheke nikisema," Mbula alianza. "Huyu mweusi ni wa kukushika. Alivunja nthoni, kwa hivyo analipa. Hiyo ni sheria, hata mama yangu aliijua."

"Lakini Mwaitu, mama yangu, aliniokoa!"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia kuokoa ni kuokoa na mbuzi ni mbuzi."

"Na huyu mwingine?"

Mbula aliacha kucheka. Alimfunga yule mbuzi wa pili kwenye nguzo, taratibu, kabla ya kujibu.

"Huyu ni wa kukuangalia. Amesema analipa yote, iishe. Kuanzia Jumatatu upite hapo mlangoni na suruali yako bila hiyo takataka kiunoni. Halali usiku, Mama Kasyoka. Akifunga macho anaona lile gurudumu. Amesema afadhali nthoni imalizike kuliko azike binti yake."

Syombua aliketi kizingitini. Hakuwahi kuitwa binti na mzee yule, hata kwa kupitia gunia. Alitazama njiani, mzee bado alikuwa ameangalia vilima, mikono nyuma, akingoja kuambiwa kama mbuzi wake wamepokelewa.

"Mwambie nimepokea," alisema. "Wote wawili."

Jumatatu asubuhi alipinda miguu ya ovaroli, akajifunga kamba ya gunia kiunoni, akaenda. Njia nzima alijiona uchi. Mlangoni wapagazi waliacha mizigo chini, na mkulima mmoja aliyekuwa akilalamikia kilo zake akasahau malalamiko.

Mzee Ndolo hakugeukia ukuta. Macho yake yalianzia kwenye zile gambuti kubwa, yakapanda polepole na kwa woga, yakafika kwenye kamba, yakasita, yakaendelea mpaka usoni. Miaka tisa Syombua alikuwa mke wa mwanawe, na uso huo hakuwahi kuutazama.

"Wakya, Asa," Syombua alimwamkia. Hakujua afanye nini, akatabasamu.

Mzee aliyakazia macho meno yake.

"Kumbe una mwanya," alisema.

"Ndio, Asa."

"Marehemu mama yangu alikuwa nao. Hapo hapo."

Kwa mazoea Syombua aliinua mkono ili afunike mdomo. Ukafika kidevuni. Kisha akaushusha, akasimama pale mlangoni huku mashine zikianza kunguruma nyuma ya mzee, akamwacha aangalie.