Damu ya Oswaldi Yajisomea Majibu

Alhamisi ya kwanza ya Juni, fundi cherehani Oswaldi alishuka kwenye basi la kutoka Chala akiwa ameishika suruali yake kiunoni, kwa sababu kifungo kilikuwa kimeruka njiani. Mwaka huo alikuwa ameshaitanua suruali hiyo mara tatu. Alipenda kuwatania watu kwamba mteja wake mkubwa, kwa maana zote, ni tumbo lake mwenyewe.

Alikuwa na skizofrenia tangu ujana wake. Kila mwezi yeye na dada yake Leonia walikuja kliniki moja ya mjini Sumbawanga kwa ajili ya sindano, na sindano ilimsaidia: sauti zilizokuwa zikimwambia kwamba yeye ndiye mtemi wa Ufipa, na kwamba Ziwa Rukwa ni beseni lake la kunawia, zilikuwa zimenyamaza. Kilichobaki ni njaa isiyo na adabu, kiu, na miguu inayokufa ganzi juu ya pedali ya cherehani. Alilalamika miaka miwili. Aliambiwa apunguze mawazo.

Siku hiyo kulikuwa na watafiti waliochunguza sukari ya wanaochomwa sindano hiyo. Waliwapima wagonjwa viuno, wakawatoa damu, wakavipanga vichupa mezani. Damu ya Oswaldi ikaanza kusema.

"Sukari kumi na sita nukta mbili," ilisema, kwa lafudhi ya Kifipa. "Mafuta yamepita kiasi. Na hajala kitu tangu jana."

Wote waliisikia. Muuguzi Husna alimtazama Oswaldi kama mtu anavyomtazama mama ambaye mtoto wake analia kanisani.

"Kaka, iambie ipunguze sauti. Humo ndani watu wanahojiwa."

Oswaldi alikiinamia kichupa, akaiomba. Aliona haya. Zamani aliamkiwa kama mtemi. Sasa amepewa karani wa maabara.

"Hata wazimu wangu umeshushwa cheo," alimwambia Leonia.

"Si wazimu, kaka. Hata mimi naisikia."

"Basi pole na wewe."

Waliingia kwa Daktari Stanley. Leonia alisema damu ya kaka yake inadai sukari iko juu.

"Nimeisikia," alisema daktari huku akiandika. "Kumi na sita."

Leonia alichungulia faili. Liliandikwa: *Bado anasikia sauti. Sindano iongezwe.*

"Lakini daktari, hata wewe umeisikia!"

"Mimi sina faili, dada yangu," alijibu kwa upole.

Ng'ambo ya korido ndiko walikotibiwa wenye kisukari. Muuguzi wa huko, Mwasiti, aliweka sikio kwenye mkono wa Oswaldi, akasikiliza, akasema hakuna haja ya mashine, damu inasema kweli. Kisha akaiona kadi yake. "Ah, wewe ni wa akili. Watu wa akili hutibiwa kule kule." Kule nako walisema sukari hutibiwa huku. Oswaldi aliivuka korido mara nne.

"Angalau wamenipa mazoezi," alisema.

Watafiti walinakili namba, wakashukuru, wakaondoka na vichupa vikinong'ona ndani ya boksi la barafu.

Damu iliyobaki mwilini haikunyamaza. Leonia aliacha kutia sukari kwenye chai na kupunguza tonge la ugali wa ulezi. Sukari ikashuka hadi kumi na nne, ikapanda tena baada ya sindano iliyoongezwa. Kanisani Chala padri alizoea kusita kidogo katikati ya mahubiri, damu iseme yake, kisha anaendelea.

Mwezi wa Agosti ilisema jambo jipya. "Una sindano kisiginoni," ilimwambia Oswaldi, naye akiwa anakata kitambaa. Alitazama. Ilikuwa ya cherehani, imezama karibu yote, na hakuwa amehisi kitu.

"Fundi nimejishona mwenyewe," alisema akicheka. Leonia hakucheka. Aliing'oa kwa koleo, akaingia jikoni, akalia huko hadi moshi ukaisha.

Septemba walirudi kliniki, kidonda kikiwa bado wazi ndani ya kiatu. Wagonjwa kumi na wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi, na safari hii damu za wote zilikuwa zikisema. Ya Kristiana wa Laela ilisema kumi na tatu. Ya Limbu wa Milepa ilisema kumi na tisa, tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye watu.

"Nawasikia, jamani," alisema Husna. "Nawasikia wote, vizuri kabisa."

Akaongeza sauti ya redio.