Nyumba Iliyokuwemo Kitabuni

Kwa miaka sitini na sita Hester Garbutt hakuwahi kuingia jumba la Aldersby kwa mlango wa mbele, na siku alipoingia ilibidi akate tiketi. Alikata. Akabandikwa kijikaratasi cha kijani kifuani kama mgeni yeyote aliyetoka Leeds na kikapu cha sandwichi, ilhali nyumba alimozaliwa ilikuwa ndani ya bustani hiyohiyo, ng'ambo ya ziwa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nyumba hiyo ndiyo iliyomleta. Shirika lililolichukua jumba kutoka kwa ukoo wa mabwana lilitaka kuirudisha bustani katika sura yake ya miaka mia mbili iliyopita, kilima, ziwa, kondoo, na kisionekane kingine. Watu wa nchi hii wana wazimu wao juu ya mandhari. Zamani walihamisha vijiji vizima ili bwana akinywa chai asione nguo za maskini zimeanikwa, na leo wajukuu wa waliohamishwa wanalipa kiingilio kuja kusifia utupu uliobaki. Mwaka uliopita Shirika lilikata misonobari aliyoipanda baba yake Hester, na tangu hapo nyumba ya akina Garbutt, ambao walikuwa wapangaji tu, ikawa inaonekana kutoka kila dirisha la mbele. Kamati ikagawanyika: wengine waliona ivunjwe, wengine iachwe. Iliwahi kuungua ikajengwa upya, kwa hiyo hata sheria ya majengo ya kale haikuitetea.

Hester angeweza kuhama. Mifupa yake ingelalamika, lakini angehama. Asiyeweza alikuwa mdogo wake, Wilf, mwenye umri wa miaka sitini na moja na akili ya mtoto wa miaka saba. Wilf alimjua kila bata wa lile ziwa. Hester alipolazwa kwa upasuaji, Wilf alipelekwa kulelewa mjini kwa wiki mbili, akagoma kula, akarudishwa shingo imekuwa nyembamba na hasemi. Ilimchukua majira yote ya baridi kupata tena sauti. Hester alijua, bila kuambiwa na daktari, kwamba safari ya pili hatarudi.

Ndipo alipokumbuka kitabu. Mama yake, aliyekuwa mjakazi wa ndani, alisimulia mara nyingi juu ya kitabu chekundu cha bwana, chenye michoro ya rangi iliyochorwa na fundi wa bustani aliyeipanga Aldersby. "Na nyumba yetu imo," mama alikuwa akisema, "na moshi unatoka." Hester aliliandikia Shirika barua ndefu kwa mkono wake: kitafuteni kwenye droo ya chini ya meza ya ramani, mtaona wenyewe kwamba fundi aliitaka nyumba yetu pale. Wiki tatu baadaye alijibiwa. Kitabu kimepatikana. Karibu uje ukione.

Katika chumba cha vitabu alimkuta Desmond Pickersgill, mstaafu wa posta aliyejitolea kulinda vyumba.

"Hester mpenzi! Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuona nilichokilipia. Nikae wapi?"

"Popote, ila kwenye viti. Huoni tumeweka mbigili?"

Kweli, juu ya kila kiti cha hariri palikuwa na kichwa cha mbigili kavu, ili mgeni asithubutu kuketi.

"Mtu amekuja na magoti mabovu, mnamkaribisha kwa miiba!"

"Ungeyaacha magoti nyumbani," alisema Desmond, akacheka, kisha akamletea kigoda chake mwenyewe.

Mhifadhi akaingia. Aliitwa Daktari Imogen Strake, msichana mpole ambaye huwezi hata kumchukia vizuri. Mikono yake ilikuwa bado na unyevu wa kunawa. Alikiweka kitabu chekundu juu ya mto, akafunua kurasa taratibu, akasimama kwenye mmoja.

Hester aliinuka kwenye kigoda akasahau magoti. Ziwa lilikuwapo, na kilima, na katikati, chini ya mti, nyumba ndogo yenye mlango upande wa kushoto na uzi wa moshi juu ya bomba.

"Ndiyo hiyo!" alisema. "Desmond, njoo uone! Mama hakuwa mwongo. Ndiyo hiyo, mungu wangu, hata mlango!" Machozi yakamtoka na hakuyaonea haya. "Basi tumebaki."

Desmond alimpigapiga begani. Imogen aliuinamia mchoro.

"Bi Garbutt," alisema, "mama yako aliwahi kukigusa kitabu hiki?"

"Akiguse? Thubutu! Mjakazi aliyegusa karatasi za bwana alifukuzwa siku hiyohiyo. Walipangusa vumbi pembeni tu, kilichoachwa wazi wanakitazama kwa macho."

"Ndiyo maana," alisema Imogen kwa sauti ya chini.

Akapitisha ukucha kwenye mchoro. Hester aliona kitu ambacho mama yake hakukiona maisha yake yote: kile kipande chenye nyumba kilikuwa karatasi tofauti, imegundishwa upande mmoja tu, nayo ikainuka kama mlango wa kabati. Chini yake palikuwa na kilima kilekile na ziwa lilelile. Palipokuwa na nyumba palikuwa na majani, na kondoo watatu.

"Mafundi wa wakati ule ndivyo walivyofanya kazi," Imogen alieleza. "Juu wanamchorea bwana shamba lake lilivyo. Akiinua, anaona litakavyokuwa wakishamaliza."

"Mbona basi haikuvunjwa?"

"Bwana alikufa kabla kazi haijafika ng'ambo ya ziwa."

Hester alishika ukingo wa meza. "Ishushe hiyo karatasi."

Imogen akaishusha. Nyumba ikarudi na moshi wake.

"Haisaidii, Bi Garbutt. Kamati wameshaona na kuamua ivunjwe; Alhamisi watakuja watu wa kuipima. Hatukuwa na ushahidi wowote, kura zilikuwa sawa kwa sawa. Kusema kweli, bila barua yako tusingejua hata pa kutafuta." Alilisema kwa shukrani, na hapo Desmond akainamia viatu vyake.

"Nina ndugu," alisema Hester. "Mmemsahau ndugu yangu."

"Hapana, hatukumsahau. Mtapewa flati nzuri mjini. Ghorofa ya tatu, lakini ina lifti."

"Wilf anaogopa lifti."

"Atazoea," alisema Imogen.

Hester alimtazama. Ni yeye, Hester, aliyemuuza Wilf, kwa barua, kwa hati yake nzuri aliyofundishwa shuleni. Alishuka ngazi za mbele akishikilia ukuta, akapita katikati ya wageni waliokuwa wakipiga picha za ziwa, akasikia mwanamke mmoja akimwambia mumewe asogee kidogo, kile kijumba kinaharibu picha.

Wilf alikuwa akimngoja langoni kwao, amechana nywele kwa maji.

"Hettie! Wameiona nyumba yetu kitabuni?"

"Wameiona."

"Na moshi?"

"Na moshi."

"Wameipenda?"

Hester alifungua mdomo amwambie, kwani Alhamisi watu wa kupima wangefika na angejua tu. Lakini uso ule ulikuwa umefurahi mno.

"Wameipenda sana, Wilf."

"Nilijua!" Alipiga makofi, akakimbilia bandani, akatoka na ndoo, kitambaa na ngazi ya mbao, akaiegemeza kwenye ukuta unaotazamana na jumba. "Nasafisha madirisha, Hettie. Wakiangalia kutoka kule wayaone yanang'aa."

Ngazi ile ilikuwa mbovu mguu mmoja. Hester akaenda kumshikia.