Cheni ya Nne

Royce Kangas ni jirani mwema, na mtu akisema vingine nitambishia. Lakini Alhamisi ile alipotia oili kwenye cheni ya baiskeli yangu nilimwita mjinga, nikamwita gunia la viazi, kisha nikamwita jina la tatu ambalo mwanamke wa miaka sitini na moja, mwimba kwaya, hapaswi hata kulijua.

Hakuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimetoka kuogelea ziwani, na maji ya Ziwa Superior mwezi wa sita unayajua mwenyewe: ukitoka huzihisi nyonga zako. Nikaingia bafuni kujimwagia maji ya moto. Baiskeli niliiacha mbele ya gereji, nimeipindua magurudumu juu. Kangas akaja na mkate wa ndizi, akaita, kimya. Akaiona cheni. Ilikuwa kavu, nyeupe-nyeupe kama chaki, haina hata tone la mafuta. Huyu mtu ametumia maisha yake yote kutengeneza pikipiki za theluji, na kwake chuma kikavu ni chuma kinacholia njaa. Akarudi kwake mbio, akaja na kopo.

Nilipotoka na taulo kichwani nikamkuta anazungusha pedeli, uso umemkunjuka.

“Shemeji! Hii kitu ilikuwa inakufa kwa kiu. Nimeinywesha. Sikia sasa inavyokwenda.”

“Umeinywesha nini?”

“Oili. Ile nzuri, ya mashine zangu.”

“Kangas. Umetia oili?”

“Kopo nusu. Usijali, ni zawadi.”

Hapo ndipo nilipomwita yale majina.

Cheni ile haikuwa kavu. Ilikuwa imechovywa kwenye nta. Nta ikishaingia kwenye viungo vya cheni na kuganda, juu huoni kitu, lakini ndani inateleza kuliko mafuta yoyote, na haishiki mchanga. Ukimwagia oili juu yake umeharibu kazi yote: nta na oili vinachanganyika, vinakuwa uji mweusi, na kila chembe ya mchanga wa barabarani inahamia humo na mizigo yake. Wenyewe tunajua. Asiyejua anaona cheni kavu na kumwonea huruma mwenye baiskeli.

Na hilo lingesameheka. Cheni inasafishwa kwa mafuta ya taa, inachovywa upya, yamekwisha. Ila ile haikuwa cheni ya kuchovya upya. Ile ilichovywa na Gordy, mume wangu, na Gordy nilimzika Oktoba.

Gordy hakuwahi kushindana hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa naogelea, naendesha, nakimbia, kila mwaka Jumamosi ya tatu ya mwezi wa sita, mara kumi na moja mfululizo. Yeye alikuwa fundi, na fundi mkono wa birika hasa. Klabuni kwetu hapa Duluth kuna watu wamenunua magurudumu kwa bei ya gari. Gordy akiwaona alikuwa anashika kifua. “Bibie,” ananiambia, “yule amelipa pesa zote zile apunguze uzito wa baiskeli, na tumbo kaja nalo.”

Vitu vyake vyote vilikuwa vya kuokoteza, na vyote vilifanya kazi, hilo ndilo lililokuwa linaniudhi. Vazi langu la mpira la kuogelea lilikuwa halipiti kwenye kisigino, nahangaika nalo mpaka nalia. Akanivalisha mfuko wa mkate mguuni, vazi likateleza likapita. Miwani ya kuogelea ilikuwa inashika ukungu. Akaitia tone la shampuu ya watoto. Kofia za plastiki za kuogea za hotelini alikuwa anazikusanya, anafunika kiti cha baiskeli mvua ikinyesha. Kwenye zipu ya mgongoni alifunga kamba ndefu ya kiatu ili niweze kuivuta peke yangu. Nikamwambia ya nini, si upo wewe wa kunifunga? Akasema, “Je, kama nimekwenda msalani?”

Lakini fahari yake ilikuwa chungu cha umeme. Alikinunua kwenye mnada wa kanisa, kimechorwa kuku ubavuni, na mtu aliyekitoa bila shaka alikuwa amechoka kupikia maharage. Humo Gordy aliyeyusha nta, ile ya kuzibia mitungi ya jemu, inauzwa kwenye rafu ya chini kabisa dukani ambako hakuna anayeinama. Cheni ananing'iniza kwenye waya wa henga ya nguo, anazamisha, anasubiri. Hakuwahi kushangilia mbio zangu kwa sauti kama alivyokuwa akishangilia kile chungu.

Alikuwa na cheni zangu nne, za kupokezana, amezibandika karatasi zenye namba. Siku aliyofariki tatu zilikuwa zimeshaning'inia kwenye misumari, zimekamilika. Nta inadumu maili mia mbili hivi, halafu cheni inaanza kulia kama panya. Majira yote ya kuchipua nilikuwa nahesabu. Ya kwanza ililia Mei mwanzoni, ya pili juzi. Ya tatu niliitunza. Nilijiapiza kwamba mashindano haya ya Jumamosi nitayaendesha kwa cheni iliyotoka mkononi mwake, halafu baada ya hapo liwe liwalo, nitanunua hizo oili kama watu wengine. Ndiyo niliyokuwa nimeifunga asubuhi ile.

“Sasa si umebakiwa na nyingine?” Kangas akaniuliza, kopo bado mkononi, masikio yamemwiva. “Gordy alisema ziko nne.”

“Ya nne imo chunguni.”

“Basi itoe.”

“Nenda nyumbani, Kangas.”

Akaenda. Mkate wa ndizi akauacha juu ya kizingiti, nami kwa hasira nikaula nusu yake nimesimama.

Ya nne imo chunguni. Nilikuwa sijamwambia mtu habari hiyo.

Kazi ya nta ina jambo moja la kujua. Cheni huivuti nta ikiwa moto, maana yote itatiririka irudi chunguni. Unazima, unangoja ipoe, mpaka ishike utando juu kama maziwa. Ukiwahi umekosa, ukichelewa imeganda na cheni yako ndani. Gordy alikuwa anapima kwa dole gumba. Kila mara akipima alikuwa ananiita, maana alitaka nijifunze. “Arlys! Njoo uone!” Miaka sita ananiita. Miaka sita najibu vilevile.

Siku ile nilikuwa jikoni na fumbo la maneno la gazeti. Lilibaki neno moja, herufi saba. Nikamsikia anapanda ngazi mbili tatu kutoka chumba cha chini. “Arlys! Njoo uone, ndiyo sasa hivi!”

Nikasema, “Ngoja.”

Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama unavyomwambia mtu ambaye utamkuta palepale. Baada ya dakika sita nilipata lile neno, nikaenda, nikamkuta ameanguka chini ya ngazi. Daktari alisema alipasuka mshipa, na hata ningekuwa nimesimama pembeni yake isingesaidia. Alinieleza vizuri, mara mbili. Nilimwelewa. Sijawahi tena kufungua ukurasa wa mafumbo.

Tuliporudi kutoka mazikoni, watu walipokwisha kuondoka na vyombo vyao vya viazi vya kuoka, nilishuka nikaangalia chungu. Nta imeganda, nyeupe, ngumu kama sabuni. Waya wa henga umechomoza pembeni. Na katikati kabisa, wazi, na mistari yake yote, alama ya dole gumba la Gordy.

Nikafunika. Nikawa nashuka kila asubuhi na kahawa yangu, nafunua, natazama, nafunika. Kama ni wazimu basi ni wazimu usiomdhuru mtu. Nyumba ile ilikuwa kimya mpaka nikaanza kusikia jokofu linavyopumua. Mtu wa kumwambia “nimerudi” hayupo, wa kumwambia “maji yalikuwa baridi” hayupo. Ila chini kule kulikuwa na mahali ambapo kidole chake kiligusa na hakuna aliyepagusa tena.

Ijumaa asubuhi Kangas akagonga. Amevaa shati safi, kama anayekwenda kupewa adhabu, na mkononi ana boksi.

“Nimekununulia mpya, shemeji. Nimemwambia wa dukani bora kuliko zote.”

“Asante. Sitaifunga.”

“Kwa nini? Cheni si cheni?”

Ningemfukuza. Sijui kwa nini sikumfukuza. Labda ni lile shati. Nikamwambia, “Njoo,” nikatangulia ngazi, nikafunua chungu.

Aliinama juu ya chungu. Akakuna kidevu.

“Ni yeye?” akauliza.

“Alikuwa anapima. Akaniita nije nione. Nikamwambia ngoja.”

“Na wewe hujui kuifanya?”

“Nimeona mwanzo mara mia. Pale pa kuvuta sijawahi kupaona.”

Akatoa simu. “Tuipige picha kwanza. Ukishaiyeyusha utakuwa nayo.” Akapiga kutoka juu, akapiga kutoka ubavuni, akawasha taa, akazima, akapanda kwenye ndoo. Tukatazama. Weupe juu ya weupe. Katika picha zote tisa hapakuwa na kitu isipokuwa mng'ao wa balbu na kivuli cha kichwa chake kikubwa.

“Haitaki,” akasema.

“Haitaki.”

“Nibaki nawe?”

Nilitaka kusema ndiyo, nisidanganye. Lakini aliyeitwa siku ile nilikuwa mimi, si Kangas. Nikamshukuru, nikamwomba radhi kwa lile jina la tatu. Akasema lile la viazi ndilo lililomuuma. Akapanda, nikasikia mlango, nikabaki na kuku waliochorwa.

Nilikaa kwenye ndoo aliyoiacha. Nikafikiria mambo mawili. Nikiacha chungu kama kilivyo, kesho sitakwenda, maana sitaki kwenda na cheni ya dukani, na kama sikwenda kesho sitakwenda tena. Nitakuwa mwanamke anayeshuka na kahawa. Nikiyeyusha, nimekifuta kidole chake kwa mkono wangu mwenyewe. Nililia kidogo, nikajiambia, Arlys, acha upuuzi. Nikapiga moyo konde, nikachomeka waya wa umeme ukutani.

Nta inaanza kuyeyuka kandokando. Kwanza pembeni pakawa kama maji, halafu lile donge la katikati likalegea, likaanza kuelea na kuzunguka polepole, na alama juu yake. Nikalitazama mpaka likawa dogo kama sarafu. Sikupepesa macho. Halafu nikawa natazama nta tu, na chini yake, wazi kabisa, cheni ya nne imejikunja na kijikaratasi chake kwenye waya.

Nikaitikisa, mapovu yakatoka. Nikazima. Nikangoja.

Mara ya kwanza niligusa mapema, dole likazama, nikaungua, nikamtukana Gordy kwa jina lake kamili. Mara ya pili utando ulikuwepo lakini ulichanika. Sasa hapo ndipo mtu angehitaji wa kumuuliza, na nilikuwa karibu kumpigia Kangas kelele dirishani, asiyejua chochote. Halafu nikakumbuka. Miezi minane nimekitazama kile kidole kila asubuhi. Nakijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Hakikuzama, hakikuchana. Kiliingia kiasi cha unene wa kucha, na mistari ikabaki. Alipima, akaona ndiyo sasa hivi, akapanda ngazi mbili tatu, akaniita. Kipimo chote alikuwa ameniachia pale, nami nilikuwa nakifunika na kukifunua kama maiti.

Nikagusa tena. Bado. Nikahesabu mpaka hamsini, nikagusa pembeni kidogo. Bado. Dirisha dogo la juu lilikuwa linaonyesha jua la mchana na miguu ya mbwa wa mtu ikipita. Nikagusa mara nyingine, katikati.

Ikashika. Nilipoinua dole, mistari yangu yote ilikuwa pale, imekaa, unene wa kucha.

Nikaushika waya wa henga. Nyuma yangu ngazi ilikuwa tupu.

“Haya, mzee,” nikasema kwa sauti, “nimekuja.” Nikavuta.