Chuma cha Randa ya Isaku

"Ukigonga hapo, umenizika," alisema mzee Isaku, chai ikimchuruzika mkononi.

"Nikuzike mara ngapi? Jana ulikufa kwa sababu ya supu."

Tokie hakuinua macho. Alikuwa amekaa sakafuni, chuma cha randa kikiwa kimelala kwenye pembe ya fuawe, nyundo ndogo mkononi. Nje theluji iliporomoka kutoka paani, pwaa! Miaka thelathini na minne alikuwa akitengeneza milango ya karatasi yenye fremu za mbao kwa randa ya mumewe. Kukinoa chuma hicho, ruhusa. Kukigonga, hata siku moja: hiyo ilikuwa kazi ya Isaku! Kisha kiharusi kikapita, kikauacha mkono wa mzee ukitetema kama kifuniko cha sufuria.

Chuma chenyewe kilikuwa ndoa ya vyuma viwili: laini mgongoni, na chini yake utando mgumu wenye makali. Miaka ya kinoo ilikuwa imeula ule utando nyuma ya makali, na sasa randa ilikuwa ikirarua mbao badala ya kukata. Dawa ni moja: gonga palipo laini, polepole, mpaka pagumu pajitokeze kiasi cha unywele. Ukipagusa pagumu penyewe, ufa. Na mhunzi aliyekifua alikuwa amekwisha kufa, siri zake kazikwa nazo.

"Randa zimejaa dukani," alisema Tokie.

"Hata waume wamejaa."

"Dazeni bei gani? Hebu nyamaza, nikisikie chuma."

Mzee akanyamaza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu harusi.

Ti. Ti. Ti. Jasho lilimtoka Tokie na baridi yote ile. Ti. Ti. Tiing!

Nyundo ilikuwa imeteleza. Tokie akakiinua chuma dirishani, akakigeuza, akapitisha ukucha ukingoni. Mchubuko tu. Akakirudisha kwenye fuawe, akaendelea.

Adhuhuri alikisugua kwenye kinoo, akakipachika ndani ya randa, akaivuta kuelekea kifuani juu ya ubao wa mwerezi. Randa ikanong'ona. Tepe moja ndefu ya mwerezi, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ikapanda hewani na kutua gotini kwa mzee.

Isaku hakusifu. Aliitandaza juu ya gazeti, akainama, akasoma utabiri wa hewa kupitia ule wembamba: "Kesho... theluji."

"Na kesho kutwa?"

"Hapo pana ukungu," alisema, akimsogezea ubao kwa mkono wake unaotetema. "Vuta nyingine."